Deni la Sauti

Mali za binadamu ni za namna mbili. Ziko zile ambazo zikichukuliwa mwenyewe hubaki mikono mitupu, kama ng'ombe, mtumbwi na wavu. Tena ziko zile ambazo zikichukuliwa mwenyewe hubaki nazo kama zilivyokuwa, kama elimu, hadithi na sauti. Juu ya mali ya kwanza sheria za watu wote zilikata shauri zamani. Juu ya mali ya pili dhamiri huingiwa na mashaka, kwa kuwa aliyechukua aweza kuapa kwamba hakumpunguzia mtu kitu. Mashaka hayo ni ya kale, lakini siku hizi yamepata makao mapya ndani ya mashine ndogo ya kutungia nyimbo.

Mashine hiyo huitwa sampla. Kazi yake ni kunasa sauti, kuikata, na kuiweka chini ya kibao laini cha mpira, hata kibao kiguswapo kwa kidole sauti ile hulia. Mwenzi wake ni sikwensa, ambayo hukumbuka vibao vilivyopigwa na utaratibu wake, ikavirudia bila kuchoka. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine ya midundo iliyotumia sauti za ngoma za kweli zilizonaswa. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ikauza mashine nyingine aliyoibuni, MPC60, yenye vibao 16 katika safu nne. Kumbukumbu yake, kabla ya kuongezwa, ilichukua sekunde 13 hivi za sauti, wala si zaidi. Leo simu ya mkononi hufanya kazi hiyo na kuizidi, na chombo kilichokuwa cha studio za miji mikubwa kimefika hata vijijini.

Mathalani Bukima, kando ya Ziwa Viktoria, katika Musoma Vijijini. Huko sauti si haba. Usiku usio na mwezi wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani. Kunapokucha mitumbwi hurudi, makasia yakagonga mbao, na wanaoanika dagaa wakaitana ufukoni. Kijana mwenye simu aweza kunasa pigo la kasia na kishindo cha mchi kinuni, akavifanya ngoma. Hapo hapana kesi, kwa sababu mchi hauna madai.

Lakini na ichukuliwe kwamba siku moja kijana huyo yuko sokoni Musoma, akamkuta mzee wa Kikurya akipiga litungu, kinanda cha nyuzi nane ambacho tumbo lake limewambwa ngozi na sauti yake ni nzito. Kijana aamkia shikamoo, asikiliza, anasa, aenda zake. Usiku akata sekunde nne, azigawa vibaoni, atia midundo chini yake, na alfajiri yamkuta na wimbo. Wimbo wapendeza, waenea, na watu wauliza mtungaji ni nani. Kijana ajibu, "Ni mimi." Je, amesema kweli?

Si haki kumhukumu kabla ya kumsikia. Kijana aweza kusema kwamba mzee angali anapiga litungu lake, wala hapana uzi uliopungua. Aweza kusema kwamba mzee naye hakubuni mapigo yale, bali aliyarithi kwa waliomtangulia. Tena aweza kusema kwamba kuchagua sekunde nne katika saa nzima, kuzikata mahali pake, na kuzipatanisha na midundo mipya, ni kazi ya akili na sikio. Fundi cherehani hafumi kitambaa, walakini kanzu huitwa kazi yake. Hoja hizi ni nzuri, na ya mwisho ni nzuri kuliko zote. Ila ina upungufu mmoja: fundi cherehani hulipia kitambaa.

Wala kukopa kwenyewe si aibu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, aliwanasa wasichana wa Kikipsigis huko Kenya wakiimba juu ya Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Mmarekani, mwimbaji Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Wao walilichukua jina la mtu wasiyemwona, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamwimbia kwa kinanda chao cha nyuzi. Walikopa jina, wakazaa wimbo ambao Rodgers asingeweza kuuota. Kisha sauti zao nazo zikachukuliwa, zikahifadhiwa katika maktaba Afrika Kusini. Na baada ya miaka zaidi ya 60 zikarudishwa kwa Wakipsigis wenyewe. Katika kisa hiki mna mafundisho mawili: mkopaji mwema huongeza juu ya alichokopa, na hata deni lililolala miaka 60 laweza kuamshwa.

Karibu zaidi kiko kisa cha Saida Karoli wa Kagera, upande wa pili wa ziwa. Wimbo wake Maria Salome, wa mwaka 2001, ulijulikana nchi nzima. Mwaka 2016 Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny walitoa Salome, wimbo uliojengwa juu ya ule wa kwanza, na jina la Saida Karoli likarudi midomoni mwa watu ambao walikuwa watoto alipoanza kuvuma. Hapo mwenye wimbo alijulikana, akatajwa.

Lakini mzee wa sokoni hajulikani, na hapa ndipo mtihani ulipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za wasanii, na sanaa za jadi pia. Sheria ni ukuta mwema, ila ukuta hauwezi kumwona kila apitaye usiku. Mzee hatajua kwamba sekunde zake nne zinalia katika mabasi na maduka. Ambaye hatadai kamwe ndiye anayepima uaminifu wa mdaiwa, kwa maana kumlipa anayegonga mlango si wema mkubwa.

Tena liko kosa ambalo fedha haliwezi kulifuta. Sikwensa hupenda mstari ulionyoka. Ikiamriwa, pigo lililochelewa huvutwa mbele na lililowahi hurudishwa nyuma, yote yakakaa sawa kama askari. Kumbe kule kuchelewa kidogo kwa kidole cha mzee hakukuwa kosa. Ndiko kulikokuwa kusema kwake. Anayekunyosha bila kukuelewa amechukua maneno ya mtu na kuyasahihisha kabla ya kuyasikia.

Wako watakaosema kwamba basi ni heri mashine zisiguse mambo ya jadi. Shauri hilo ni baya kuliko kosa linalokimbiwa. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huo huo wa Mara, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana mwaka 1962, akiunganisha mambo mawili ambayo hayafai kutengana. Litungu lisilosikiwa na vijana litakufa pamoja na vidole vya wazee, na sampla yaweza kuwa mlango wa kulifikia.

Kukopa harusi, kulipa matanga. Basi kijana wa Bukima na alipe mapema, deni lingali jepesi. Na arudi sokoni Musoma, aketi mbele ya mzee, amsikilizishe wimbo, amwombe ruhusa, amtaje jina, amgawie sehemu ya pato. Na kama mzee atakataa, afute zile sekunde nne, ingawa wimbo ubomoke. Hilo ni gumu, lakini ombi lisiloweza kukataliwa si ombi. Na kama mzee atakubali, huenda akanyosha mkono kulichukua litungu lake na kusema kwamba pigo la tatu lilikatwa vibaya, kisha akalipiga upya. Siku hiyo wimbo utakuwa na watungaji wawili, na yule mdogo ataweza kusema "Ni sisi" bila kuinamisha macho.