Idhini ya Uso

Amma baad. Kila mwaka huko Lamu, siku za Maulidi ya Riyadha, wapiga picha huja kuchukua sura za watu wasio na cheo: mpiga twari, mchukuzi, mpanda punda aliyeanguka mashindanoni.

Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na kufariki mwaka 1935, aliijuzisha picha ya kamera kwa hoja ya kuwa si kuumba, bali ni kukishika kivuli alichokwisha kukiumba Mola. Na ikubaliwe hivyo. Je, kivuli hicho ni cha nani?

Husemwa: aliyetoka hadharani amejionyesha. Naam, lakini amejionyesha kwa jirani, ambaye humcheka kisha akamwinua. Atazamaye picha ugenini hucheka tu. Mtume (s.a.w.) amefunza ya kuwa idhini ya mlangoni imewekwa kwa sababu ya jicho, basi jicho lisilopita lapasa kuomba idhini hata njiani.

Wala picha si ovu: vitabu huwataja masultani, nayo humhifadhi mchukuzi. Mwenye kamera na aulize kwanza, na akikataliwa aache. Mnyonge, ambaye hakuna amwombaye, ndiye mwenye haki zaidi ya kuombwa. Wallahu aalam.