Nani Aliwauliza Watu wa Warsaw?

Liko swali ambalo Wapolandi wamebishana juu yake tangu mwaka 1944, wala hawajalimaliza: je, kiongozi aweza kuanza vita vya haki kwa gharama ya maisha ya watu ambao hakuwauliza?

Tarehe 1 Agosti, 1944, saa 11 jioni, mji wa Warsaw uliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wameushika kwa karibu miaka mitano. Walioinuka walikuwa askari wa jeshi la siri, Armia Krajowa, vijana wengi, na wengi wao hawakuwa na bunduki. Walitumaini kupigana siku chache tu, kwa maana jeshi la Warusi lilikuwa limekaribia mto Vistula. Walipigana siku 63.

Tusiwadhanie kuwa wapumbavu. Kama wangalikaa kimya, Warusi wangaliingia na kusema kwamba hakuna Mpolandi aliyeinua mkono, kisha wangaliweka serikali waitakayo. Nao Wapolandi waliwafahamu Warusi. Mwaka 1940 watu wao, maelfu kwa maelfu, walihamishwa kwa nguvu hadi Siberia. Baadhi ya wanawake na watoto waliookoka walifika hata Tengeru, karibu na Arusha, na makaburi yao yapo huko mpaka leo. Tena Julai 1944, huko Wilno, Armia Krajowa walipigana pamoja na Warusi, na baada ya ushindi wakakamatwa.

Basi haki ilikuwa upande wao. Lakini haki ya kupigana ni jambo moja, na saa ya kuanza ni jambo jingine. Jioni ya Julai 31 Kanali Chruściel alileta habari kwamba vifaru vya Warusi vimefika Praga, ng'ambo ya mto. Jenerali Bór-Komorowski, kwa kibali cha Jankowski, mjumbe wa serikali ya Poland iliyokuwa London, akatoa amri. Baada ya muda mfupi akaingia Kanali Iranek-Osmecki, mkuu wa upelelezi, akasema habari zile si za kweli. Jenerali akaona kwamba wakati umekwisha kupita.

Hapo ndipo mimi husimama. Amri nyingi zilivifikia vikosi asubuhi ya siku ya pili. Usiku mzima ulikuwa katikati. Ni kweli, siku chache kabla vijana walikwisha kuitwa kisha wakarudishwa majumbani, na kuwarudisha mara ya pili kungalivunja mioyo. Hata hivyo, moyo uliovunjika hupona.

Kuanzia Agosti 5, katika mtaa wa Wola, Wajerumani waliwaua makumi ya maelfu ya raia kwa siku chache. Hadi mwisho, raia waliokufa walikuwa 150,000 au zaidi, na mji ukabomolewa nyumba kwa nyumba. Wako wasemao damu hiyo yote ni juu ya Bór. Nakataa. Dhambi ya mauaji ni ya muuaji, na Stalin, aliyezuia ndege za msaada zisitue kwake wakati mji ukiungua, ana sehemu yake. Wala viongozi hawakuamuru wakiwa mbali; walikaa humo humo mjini. Jankowski alikufa katika gereza la Warusi mwaka 1953.

Lakini askari alikuwa amekula kiapo. Mama wa Wola hakula kiapo chochote.

Siku za kwanza raia walitoka kwa furaha, wakabeba meza na vitanda vyao kujenga vizuizi barabarani. Kufikia Septemba, wakikaa katika vyumba vya chini ya ardhi bila maji wala chakula, wengine waliwalaani vijana wale wale. Kama Jenerali angaliwauliza Julai 31, je, angalipewa jibu la Agosti au la Septemba?