Kutua

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Tabora na kompyuta ya mezani niliyoinunua mtumba Kariakoo. Niliifunga kwa kanga mbili, nikaipakata kwenye basi kutoka Dar es Salaam kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa nimebakiza sura mbili za tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu wapagazi wa karne ya 19, na nilijiambia kwamba hakuna mahali bora pa kuziandikia kuliko huku ambako misafara yao ilitua.

Usiku wa kwanza nilifungua ukurasa mmoja wa kuandikia, nikautazama. Sikuandika hata neno. Lakini feni ya kompyuta ilikuwa inavuma kama mashine ya kukoboa mahindi. Mama, ambaye asubuhi ile alikuwa ameongeza uniti za umeme, alisimama mlangoni.

"Hicho kitu kinafanya nini muda wote huo?"

"Hakifanyi kitu, mama."

"Kama hakifanyi kitu, mbona kinahema?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu wa kiume alicheka kutoka sebuleni. Ana shahada ya teknolojia ya habari, amehitimu miaka miwili iliyopita, na tangu hapo yuko nyumbani. Alikuja, akavuta stuli, akafungua programu niliyokuwa nimeiweka nikiwa Dar ili inionyeshe joto la mashine. Prosesa ilikuwa inakwenda gigahezi 4 na ushei, volti 1.4. Alitikisa kichwa.

"Dada, hii haiumwi. Haijui kupumzika."

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyesubiri muda mrefu kuulizwa jambo analolijua. Prosesa ina mapigo, kama moyo. Kazi ikiwepo, mapigo hupanda. Kazi ikiisha, yanapaswa kushuka, na volteji ishuke nayo. Nguvu inayoliwa na mapigo hayo huenda na kasi, lakini kwa volteji huenda na kipeo chake cha pili. Chukua prosesa iliyo kwenye gigahezi 4 na volti 1.4, ishushe hadi gigahezi 0.8 na volti 0.7. Kasi imekuwa moja ya tano, volteji nusu, na nusu mara nusu ni robo. Robo ya moja ya tano ni moja ya ishirini. Kwa hiyo mashine isiyoshuka inaweza kula mara ishirini ya ile inayoshuka, na zote mbili ukiziuliza zinafanya nini, jibu ni moja: hakuna.

"Na huko chini kuna chini zaidi," alisema. Kila kiini cha prosesa kinaweza kulala kabisa. Kinaandika mahali pembeni kilipoishia, umeme wake unakatwa, na kazi ikija kinaamka na kuendelea. Hilo hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo maana namba ya kasi kwenye skrini peke yake haitoshi kukuambia kama mashine imechoka au imepumzika. Prosesa nzuri inaweza kuamka kwa kasi kubwa, ikamaliza kazi upesi, ikarudi kulala. Tatizo ni ile isiyorudi kulala.

Tukaanza kutafuta sababu. Alifungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi, akabadilisha pesti ya joto iliyokuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Joto lilipungua kidogo, kasi haikushuka. Akakagua programu zinazojificha nyuma, akafunga mbili. Kasi haikushuka. Akafungua mipangilio ya umeme ya Windows, akakuta aliyekuwa nayo kabla yangu aliiweka kwenye mpango wa nguvu ya juu, ambao kiwango chake cha chini kabisa cha prosesa ni asilimia 100. Mtu alitaka mashine yake iwe tayari wakati wote, kwa hiyo akaiondolea ruhusa ya kushuka. Mdogo wangu akarudisha mpango wa kawaida, ambao kiwango cha chini ni asilimia 5.

Sasa kasi ilishuka, lakini ikawa inarukaruka. Inashuka, inashtuka. Volteji ilikuwa inarudi 1.4 kila mara. Alikaa kimya kidogo, kisha akaifunga ile programu yangu ya kupimia. Baada ya muda mfupi feni ikapungua, ikapungua tena, hadi tukasikia mvua.

Programu ya kuangalia kama prosesa imepumzika ndiyo iliyokuwa inaiamsha. Kila nusu sekunde ilikuwa inapita kwenye kila kiini kuuliza: uko kasi gani? Na ili kiini kijibu, lazima kiamke. Si kisa cha mashine yangu peke yake. Julai 2019, kampuni ya AMD ilipotoa prosesa zake za Ryzen 3000, wanunuzi wengi waliona volteji za juu wakati mashine zimekaa tu, wakaingiwa na hofu. Maelezo ya kampuni yalikuwa hayo hayo: baadhi ya programu za kupimia zilikuwa zinauliza mara kwa mara mno, na kuuliza kwenyewe kulikuwa kunaamsha viini. Watu walikuwa wanapima joto la mikono yao wenyewe.

Nilicheka usiku ule. Kesho yake sikucheka.

Saa mbili asubuhi mdogo wangu alitoka akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika bahasha ya kaki. Mama akamwombea heri. Mimi nilikwenda mjini kununua vocha, na njiani, karibu na stesheni ya reli, nikamwona ameketi kwenye shina la mwembe. Bahasha iko magotini. Hasomi, hapigi simu. Nilimsogelea, nikakaa.

Hakujitetea. Alisema bahasha ina vyeti vyake, na kwamba hakuna ofisi aliyokuwa anakwenda. Karibu kila siku ya kazi anatoka hivyo, anakaa pale hadi saa saba, anarudi.

"Kwa nini usikae nyumbani?"

"Nikikaa nyumbani naonekana."

Hapo nikakumbuka meseji zangu. Kwa miaka miwili, karibu kila asubuhi kutoka Dar, nimekuwa nikimwandikia: Umeamkaje? Kuna jipya? Umeomba ile nafasi? Niliamini huo ni upendo, na ulikuwa upendo. Mama naye humuuliza wakati wa chai, mjomba humuuliza jioni, jirani humuuliza kwa kumpa salamu ndefu. Kila mmoja wetu anauliza mara moja tu. Lakini yeye ni mmoja na sisi ni wengi, na kila swali lazima aamke alijibu. Alikuwa ametengeneza shughuli isiyokuwepo, yenye shati na bahasha, kwa sababu sisi tulihitaji kuona mapigo.

Swali ninalotaka kulishika ni hili: anayesubiri anawiwa nini na wanaomtazama?

Lugha yetu ina jibu la zamani. Tunasema kituo cha basi, kituo cha afya, kituo cha polisi, na tumesahau kwamba kituo ni mahali pa kutua, na mtu hutua alichobeba. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi za pembe au vitambaa kwenye njia ya zaidi ya kilomita 1,000 kati ya Bagamoyo na Ujiji, na katikati yake ilikuwepo Unyanyembe, hapa tulipo. Misafara ilikaa hapa wiki, wakati mwingine miezi. Burton na Speke waliofika Novemba 1857 walikaa zaidi ya mwezi. Wanyamwezi wengi walisafiri kiangazi na kurudi mvua zikikaribia, ili walime. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba hao ni wavivu, wagomaji, watoro. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wabebaji hawa, anaonyesha kitu tofauti: wengi walikuwa wafanyakazi huru wa ujira, wenye fani, desturi na heshima ya kazi yao, waliojua kudai posho na kujua mwendo gani mwili unaweza. Kutua kilikuwa kipengele cha kazi. Nisiipambe njia hiyo, maana ilipitisha watumwa pia, na mtumwa hakuchagua lini atue. Labda hiyo ni mojawapo ya namna za kumtambua aliye huru: ana haki ya kushusha mzigo bila kuulizwa ataubeba tena lini.

Kilomita chache kutoka nyumbani kwetu kuna Kwihara, na hapo kuna tembe lililojengwa upya kuwa makumbusho. Stanley na Livingstone walifika Unyanyembe Februari 1872 wakitokea Ujiji. Machi 14 Stanley akaelekea pwani, akiwa ameahidi kumtumia mwenzake watu. Livingstone akabaki Kwihara akiwasubiri hadi walipofika Agosti, na tarehe 25 ya mwezi huo akaondoka nao. Miezi mitano mtu mzima alikaa akingoja msaada kutoka mbali. Watoto wa shule hupelekwa kutazama mahali aliposubiria. Sijasikia mwalimu akiwaambia kwamba hapa ndipo Mzungu fulani alipokaa bure.

Mdogo wangu naye anasubiri msaada kutoka mbali: usaili, jina kwenye orodha, simu. Kusubiri kwake tunakuita kukaa tu. Tofauti yao ni nini? Livingstone alikuwa na jina kabla ya kusubiri, kwa hiyo kusubiri kwake kukahesabiwa ndani ya safari. Kijana asiye na jina, kusubiri kwake ndiko kunakuwa jina lake.

Tumerithi hofu hii pande zote. Waliotutawala walituita wavivu, nasi baada ya kujitawala tukataka kuwaonyesha kwamba si kweli. Mwaka 1983 tulikuwa na sheria ya Nguvu Kazi, na watu wasio na kazi walikamatwa mijini kama wazururaji wakapelekwa vijijini. Mwaka 2015 kaulimbiu ya kampeni iliyoshinda ilikuwa Hapa Kazi Tu. Nyumbani tuna methali: ajizi ni nyumba ya njaa. Sibishani na methali. Mama yangu ametulea kwa jembe na anajua njaa inakaa nyumba gani. Ninachosema ni kwamba ajizi na kutua ni vitu viwili vinavyofanana kwa mbali, na anayetazama kwa haraka hawezi kuvitofautisha, kama mama alivyodhani mashine inayohema inafanya kazi.

Najua mtu atanipinga: kukosa kazi si kupumzika. Ni kweli, na ndiyo hoja yangu. Yule chini ya mwembe hakuwa amepumzika hata kidogo. Kiwango chake cha chini kilikuwa asilimia 100. Hana mshahara wa anayefanya kazi wala usingizi wa asiyefanya. Siwezi kumpa kazi. Hilo liko nje ya uwezo wangu na pengine wake. Lakini sehemu ya joto alilokuwa nalo ilitoka kwangu, na hiyo iko ndani ya uwezo wangu.

Mwingine atasema: basi tusimuulize? Tumwache hadi aungue? Hapana. Prosesa isiyo na kipima joto ni hatari, na ndugu asiyeulizwa hali anaweza kuzama kimya. Mdogo wangu hakuitupa ile programu. Aliiweka isome kila baada ya sekunde kumi badala ya nusu sekunde, na akanifundisha njia nyingine: weka kiganja juu ya kasha, sikiliza feni. Kiganja hakimwamshi mtu. Nadhani kosa langu lilikuwa kuuliza mara nyingi kuliko jibu linavyoweza kubadilika, na kuuliza kwa ajili ya utulivu wangu, si wake.

Siku ile hatukurudi nyumbani mara moja. Tulinunua maembe, tukayala palepale, majimaji yakitiririka hadi kwenye viwiko, bahasha tumeikalia isilowe. Hatukuzungumzia ajira. Alinieleza kuhusu viini vya prosesa vinavyolala kwa zamu, nami nikamweleza kuhusu kirangozi, kiongozi wa msafara, na mizigo iliyoegemezwa kwenye miti msafara ukitua. Tulipofika nyumbani mama alituangalia nguo, akaangalia bahasha, akafungua mdomo. Nikamshika mkono: "Mama, tuna njaa." Akatuletea michembe na karanga. Sijui kama alielewa. Aliacha kuuliza jioni ile, na hiyo ilitosha kwa siku moja.

Nimerudi Dar sasa. Tasnifu imekamilika, kompyuta ipo mezani na haisikiki. Kila asubuhi kidole changu bado kinakwenda kwenye jina lake. Siku nyingi nakirudisha. Jumapili napiga, tunaongea kuhusu mvua, kuhusu mama, kuhusu mpira. Wiki iliyopita, bila mimi kuuliza, aliniambia kwamba siku hizi asubuhi anakaa nyumbani, amevaa kaptura, na kwamba ameanza kutengeneza kompyuta ya jirani.

Nilitaka kumuuliza anamlipa kiasi gani. Nikanyamaza, nikamwacha aendelee.