Mahaba Katika Michezo ya Televisheni

Ndugu yetu mmoja wa pwani aliyeko Kiambere, katika Kaunti ya Embu, penye bwawa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1988, ametuandikia kutuuliza: yafaa watu wa nyumba yake, na binti yake akiwamo, kukaa kila usiku wakitazama michezo ya mahaba? Swali hili si la Kiambere peke yake. Umeme wa huko huteremka kwa nyaya hadi Rabai, nasi watu wa Mombasa twawasha televisheni zetu. Mwaka 2019 ulikuja mchezo wa “Maria”, mwaka 2022 ukaja “Sultana”, mbali na ile ya Kihindi na ya Kituruki isiyo na idadi.

Wako watakaomjibu kwa neno moja: zima. Jawabu hilo ni jepesi wala halitoshi. Uchi ni uchi, na Sala iliyopitwa kwa ajili ya mchezo imepotezwa. Haya hayataki mjadala. Lakini kisa cha mahaba kwa dhati yake si haramu. Sura ya Yusuf, aliyoisifu Mwenyezi Mungu kwa uzuri wa masimulizi yake, imemtaja mke wa mkubwa wa Misri na milango aliyoifunga. Moyo hupenda kumwona mwingine akiungua kwa jambo ambalo wenyewe umelificha. Na mume anayeulaumu mchezo naajiulize ni lini alipomwambia mkewe neno laini.

Bukhari amepokea kisa cha Barira, mjakazi aliyeachwa huru na Bibi Aisha. Alipopata uhuru wake alihiari kuachana na mumewe Mughith, ambaye alikuwa mtumwa. Mughith akawa anamfuata katika njia za Madina, analia, machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamwonea huruma, akamsemea. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akaambiwa la, ni kuombea tu. Akasema kuwa hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo.

Tazama sasa michezo yetu. Kijana hukataliwa, akamwandama msichana kazini na mlangoni, na siku ya mwisho msichana hulainika, ngoma zikapigwa, tukaambiwa kuwa hayo ndiyo mapenzi. Ubaya mkubwa wa michezo mingi, kwa maoni yetu, ni huu, nao wapita ubaya wa nguo: watoto wetu wa kiume hujifunza kuwa “sitaki” ni mwanzo wa kupatana bei. Wala hawajifunzi kwa televisheni tu. Mabarazani mwetu wako mawalii wanaopokea posa kwanza, kisha ndipo binti huarifiwa, hali Mtume ameamrisha mwanamwali atakwe idhini. Machozi ya Mughith hayakumpokonya Barira hiari yake; je, heshima ya mjomba na ahadi ya baba zitampokonyaje binti yetu?

Basi twamwambia ndugu yetu wa Kiambere: usiizime kwanza. Kaa nao usiku mmoja, na yule kijana atakapokataliwa mara ya tatu, muulize binti yako angelifanyaje yeye, kisha unyamaze umsikilize.