Jembe la Siku ya Tatu

Gari la zamani lililolala nje usiku kucha huko Kituntu, kata iliyo katika miinuko ya Karagwe, haliwaki alfajiri kwa sababu tu dereva wake ana haraka. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke upesi. Hunata katika kuta za bomba, na kinachofika ndani ya injini ni hewa karibu tupu. Ndiyo maana kabureta ikawekewa choki (si ile ya ubaoni, msomaji), nayo ni kibao chembamba kinachoziba njia ya hewa ili mafuta yazidi. Katika magari yenye choki inayojiendesha yenyewe, kibao hicho hakivutwi kwa mkono. Hushikwa na kamani iliyofanywa kwa metali mbili zilizogandamanishwa, ambazo hazitanuki sawasawa zipatapo joto. Baridi huifanya kamani ifunge mlango. Joto huilegeza, na mlango ukafunguka kidogo kidogo hadi injini ijipumulie yenyewe.

Sijapata kuona mfano wa huruma ulio wazi kuliko huo. Choki ni huruma inayojua kuondoka. Isipoondoka, moshi hutoka mweusi, plagi hujaa masizi, na petroli isiyoungua hutiririka katika kuta za silinda ikaosha oili iliyokuwa ikizilinda. Msaada ule ule ulioiwasha injini asubuhi ndio unaoila adhuhuri.

Wahenga waliliona jambo hili waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ina haki yake, kwani hakuna heshima katika kumlisha mtu mzima kama kinda. Hata hivyo, imenitia shaka siku zote kwa jambo moja: inahesabu siku. Haimuulizi mgeni kama machovu ya safari yamemtoka, wala alifika kwa miguu yake au kwa kubebwa.

Mafundi wanaijua tofauti hiyo. Ziko choki zinazopashwa joto na waya wa umeme, nao huanza kazi mara ufunguo unapozungushwa. Na ziko zinazopashwa na maji yanayozunguka ndani ya injini. Ile ya kwanza, kwa hakika, ni saa. Asubuhi ya baridi kali inaweza kufungua mlango injini ingali inatetemeka, kwa kuwa muda umetimia. Ya pili hungoja, maana joto lake hutoka kwa yule yule anayesaidiwa.

Nchi hiyo ya Karagwe imepata kuiona huruma ya saa. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na kambi zikaenea hadi Karagwe, wakati huo Kyerwa ikiwa bado haijawa wilaya. Desemba 1996 serikali, pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikatangaza kwamba Wanyarwanda wote walitarajiwa kurejea kwao kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Sisemi kwamba serikali haikuwa na sababu. Miti ilikuwa imekatwa, wenyeji walikuwa wamechoka, na ndani ya kambi walikuwamo watu wenye damu mikononi. Lakini tarehe ilikuwa moja kwa muuaji na kwa mjane, kwa aliyekwisha kupata moto na kwa aliyekuwa bado anatetemeka. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 hauhesabu siku. Unauliza kama hofu yenye msingi ingalipo.

Nitaambiwa kwamba injini haijifanyi baridi, ilhali mgeni anaweza kujifanya. Ni kweli, na hapo ndipo inapoingia sailensa, yaani mwendo wa injini dereva akiwa ameondoa mguu kwenye mafuta. Sailensa ni mtihani wa kujitegemea. Lakini fundi mwaminifu hatii bisibisi kwenye skrubu yake kabla injini haijapata moto na kibao cha choki kusimama wima. Akiipima ingali baridi atapata jibu la uongo. Na akiipandisha ili kuficha choki iliyokwama, atakuwa na makosa mawili yanayoegemeana kama walevi. Wangapi tumewaita wavivu, au waliozoea kupewa, kwa kipimo kilichochukuliwa mapema namna hiyo?

Tena kuna suala la mahali. Kabureta iliyorekebishwa Unguja, kando ya bahari, ikipandishwa Kituntu hukuta hewa nyepesi, na mafuta yale yale huwa mengi kupita kiasi. Mizani ya shairi haibadiliki kwa kupanda mlima. Ya kabureta hubadilika. Sisi watu wa pwani tunaopenda kupima ukarimu wa bara kwa kahawa ya barazani tungefaa kulifikiria hilo.

Fundi, kabla hajagusa chochote, hufungua kifuniko cha chujio la hewa na kuchungulia. Akikuta kibao bado kimelala, hujifuta mikono kwa kitambaa, akaiacha injini ingurume, na kungoja.