Kalulu wa Kitabuni na Kalulu wa Kweli

Mwezi wa Novemba 1871 mtumbwi uliotoka Ujiji ulipita mbele ya fukwe zetu za Burundi, ukiwachukua Livingstone na Stanley kwenda kuutazama mto Rusizi. Waliona kuwa mto huo waingia ziwani, wala hautoki. Sisi tufundishao Kiswahili Rumonge tumezoea kuisimulia safari hiyo darasani. Tusilolisimulia ni kwamba mwaka 1873 Stanley aliwatungia watoto riwaya ya safari na hatari, yenye picha, akaiita My Kalulu, yaani Kalulu Wangu.

Hadithi ina nguvu. Selimu, mtoto wa Mwarabu wa Unguja, anafuatana na msafara wa baba yake kwenda Rua kutafuta pembe na watumwa. Msafara unavunjwa vitani, na mwana wa wanunuzi wa watu anakuwa mtumwa yeye mwenyewe. Rafiki anayempata ni Kalulu, kijana wa nyumba ya kifalme. Wanachanjiana, wanakuwa ndugu. Msomaji mdogo hana haja ya kuhubiriwa ubaya wa utumwa: auona ukimshika mtu ambaye jana aliuona halali. Ikumbukwe kuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka huohuo wa 1873.

Udhaifu wa vitabu vya namna hii upo pia. Watu wa bara ni umati wa kutisha, na wapewao roho na akili ni wachache. Hayo twayajua, tusikawie hapo.

Linalotukera ni jina. Kalulu alikuwa mtoto hai, ambaye Stanley alipewa zawadi na Mwarabu mmoja huko Unyanyembe mwaka 1871. Aliitwa Ndugu Mhali, jina ambalo Stanley alilifasiri kuwa mali ya ndugu. Halikumpendeza, na mtoto akapewa jina la Kalulu, maana yake mtoto wa paa. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita jina lile la kwanza, kwa kuwa ndani yake undugu na mali vimekaa pamoja. Riwaya ilichukua undugu. Mtoto akabaki na mali. Alipelekwa Uingereza, akasomeshwa, akapigwa picha studio amesimama nyuma ya Stanley amebeba bunduki. Mwaka 1874 alihudhuria mazishi ya Livingstone. Mwaka 1877 alizama katika maporomoko ya mto Kongo, na Stanley akayaita maporomoko hayo kwa jina lake.

Je, ni haki kumpa mtoto ufalme karatasini, na huku nyumbani ni mbeba bunduki? Wako watakaosema kwamba alilishwa na kusomeshwa, na kwamba neno "wangu" ni la mapenzi: nasi husema mwanangu, ndugu yangu. Kweli. Lakini nimwitaye ndugu yangu naye huniita ndugu yake. Neno huenda na kurudi. Kalulu wa kweli hakuwa na njia ya kuandika kitabu kiitwacho Stanley Wangu.

Hata hivyo hatungekificha kitabu hiki. Tungekisoma na wanafunzi wa sekondari, jina la Ndugu Mhali likiwa limeandikwa ubaoni tangu siku ya kwanza, na ile picha ya studio ikipita mkono kwa mkono kabla hawajazitazama picha za kitabuni.