Toba ya Jumla na Daftari la Kila Siku

Waumini wengi hapa Maua hufunga siku kwa kumwomba Mungu msamaha wa makosa yote ya siku hiyo, kisha hulala bila kulitaja kosa hata moja. Wanaomba kwa moyo wa kweli. Tatizo ni kwamba kufikia saa ya kulala kumbukumbu imeshakuwa wakili wetu: imesahau yanayotuaibisha na kuyapamba yaliyobaki. Nyani haoni kundule. Ninaamini kwamba faida kubwa ya kuandika shajara kila siku ni kumtoa mtu katika toba ya jumla na kumfikisha kwenye toba ya jambo moja, lenye tarehe yake na jina la aliyekosewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na Igembe, eneo letu la miraa hapa Meru, inalijua hilo vizuri. Broka wa miraa huandika amechukua vibunda vingapi, kwa mkulima yupi, kwa bei gani na amebakisha deni gani, kwa sababu bei ya leo huenda isiwe ya kesho. Hathubutu kuitegemea kumbukumbu katika mambo ya shilingi. Lakini tuseme broka huyo amemwambia mkulima kwamba soko la Eastleigh, Nairobi, limeshuka, ilhali anajua halijashuka. Jioni moyo wake utaliita jambo hilo biashara. Akiliandika jinsi lilivyokuwa, yaani nilimwambia bei imeshuka, nilijua si kweli, nikapata faida ya shilingi kadhaa kwa kila kibunda, hawezi tena kuliita hivyo. Ni uongo, una kiasi chake, na una mtu anayedai.

Dini zetu zililijua hili zamani. Wamethodisti, walioanza kazi yao Meru mwaka 1912, wanafuata njia ya John Wesley, ambaye alianza shajara yake Oxford mwaka 1725 na baadaye akafikia kuandika hali ya roho yake saa baada ya saa, kwa alama za siri. Ignatius wa Loyola aliwafundisha Wakatoliki kuichunguza siku mara mbili na kutia nukta kwenye mistari kila walipoangukia kosa walilokuwa wakipambana nalo. Waislamu nao wana muhasaba, yaani kuihesabu nafsi, na mwanazuoni Al-Ghazali aliupa nafasi pana katika kitabu chake kikuu. Njia hizi tatu zote ziliona kwamba nafsi isiyotolewa hesabu hujisamehe yenyewe mapema mno.

Wapo watakaosema kwamba Mungu anajua yote, hivyo hakuna haja ya kumwandikia. Ni kweli, lakini shajara haimwambii Mungu jambo jipya. Tusiojua ni sisi. Wengine watasema hii ni desturi ya kigeni, kwamba Wameru walikuwa na Njuri Ncheke, baraza la wazee waliomkosoa mtu ana kwa ana. Baraza la wazee lina heshima yake, ila huamua kesi yenye mlalamikaji. Mkulima asiyejua kwamba amedanganywa hawezi kulalamika. Wala kuandika si mali ya wageni: mwandishi Mkenya Gakaara wa Wanjau aliandika kwa Kikuyu kumbukumbu za kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, zikachapishwa mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma mwaka uliofuata.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kujiandika kila siku humfanya mtu azame katika nafsi yake, akichochea uchungu wake. Hatari hiyo ipo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli alipokusanya tafiti 146 za aina hiyo, alikuta faida ipo ila kwa wastani ni ndogo. Kwa hiyo tusiiuze shajara kama dawa ya kila ugonjwa. Funzo ninalolipata ni hili: anayemwaga hasira tu hubaki nayo, bali anayeandika pia kilichotokea, na yeye mwenyewe alifanya nini, hupata pa kushika.

Ndiyo maana shajara ninayoitetea ni fupi, na ina maswali matatu: nimefanya nini leo, kwa nini hasa, na nina deni kwa nani? Swali la tatu ndilo linalomtoa mwandishi nje ya nafsi yake. Broka aliyeandika uongo wake na asirudi kwa mkulima na tofauti ya bei ameandika tu. Akirudi nayo, toba yake ina kitu ambacho mkulima anaweza kukihesabu.